Newmark: mzee aliyejificha ndani ya programu za tetemeko

Leo siasa na mpira viko pembeni. Kuna vijana wengi wanaosoma uhandisi, na wengine wasiosoma popote bali wanajifundisha wenyewe kafe kwa saa moja moja ya kulipia, ambao wamekuwa wakiniuliza juu ya zile programu za kuiga tetemeko la ardhi kwenye kompyuta. Unachora ghorofa, au unachora bwawa pamoja na udongo wake. Programu inavikatakata kuwa vipande vidogo vidogo vinavyoitwa elementi. Halafu unavitikisa kwa rekodi ya tetemeko la kweli na kuangalia nini kitapasuka. Swali linalorudi kila mara ni moja: pale mwishoni mwa faili, kabla hujabonyeza kitufe cha kuanza, kuna mstari unaotaka uandike Newmark na namba mbili, 0.5 na 0.25. Ni nini hicho? Karibu kila mtu anaunakili mstari huo kutoka kwa mwenzake, mwenzake naye aliunakili kwa mwingine, na maisha yanaendelea.

Basi Newmark ni mtu. Alikufa mwaka 1981, lakini yumo ndani ya programu hizo kama fundi aliyesahau kutoka kwenye nyumba aliyoijenga. Nitawasimulia habari zake, maana mimi mwenyewe naona programu hizi zilianza kunieleweka nilipomfahamu yeye.

Nathan Mortimore Newmark alizaliwa tarehe 22 Septemba 1910 mjini Plainfield, jimbo la New Jersey, Marekani. Kwa sisi wa huku mwaka huo una jambo lake. Tarehe 13 Desemba 1910, mtoto huyo akiwa hajatimiza hata miezi mitatu, ukanda wa Rukwa ulipigwa na tetemeko la ukubwa wa karibu 7.4, mojawapo ya matetemeko makubwa kabisa yaliyopimwa Afrika katika karne nzima ya 20. Hakuna uhusiano wowote kati ya mambo hayo mawili. Nimelitaja kwa sababu wapo watu wanaosema matetemeko ni ya Wajapani na sisi tuendelee kumwaga zege. Waulizeni watu wa Bukoba waliofukiwa na kuta zao tarehe 10 Septemba 2016, na lile lilikuwa la ukubwa wa 5.9 tu.

Turudi kwa mzee. Alimaliza shahada ya kwanza chuo kikuu cha Rutgers mwaka 1930, akiwa na miaka 19. Akaenda chuo kikuu cha Illinois, mjini Urbana, katikati ya mashamba ya mahindi. Huko hakuna tetemeko la maana, na hilo linachekesha ukizingatia yaliyofuata. Alipata uzamili mwaka 1932 na udaktari mwaka 1934. Miaka 23, daktari! Na hakuhama tena. Maisha yake yote ya kazi yalikuwa pale pale Urbana, na kuanzia 1956 hadi 1973 alikuwa mkuu wa idara ya uhandisi wa ujenzi.

Sasa angalieni walimu aliowakuta, maana hapa ndipo mambo yanapoanzia. Mmoja alikuwa Hardy Cross. Mwaka 1930 Cross alichapisha njia ya kukokotoa majengo ya fremu kwa mkono, kwa kalamu na karatasi. Kabla yake, fremu yenye viungo vingi ilikuletea rundo la milinganyo ya kutatua kwa pamoja, kazi ya kukesha. Cross akasema kwa vitendo: shika viungo vyote visizunguke, kisha kiachie kimoja kimoja, gawanya kinachobaki kwa majirani zake, rudia. Kila ukirudia, kosa linapungua. Baada ya raundi chache jibu linatosha kujengea. Ni jibu la makadirio, lakini ni makadirio ambayo unajua yanaelekea wapi na yamebakiza kiasi gani. Mwalimu mwingine alikuwa Harald Westergaard, mzaliwa wa Denmark, ambaye mwaka 1933 alitoa hesabu ya namna maji yanavyousukuma ukuta wa bwawa wakati wa tetemeko. Kwa hiyo kijana wetu alikaa kati ya mzee wa makadirio yanayorudiwa rudiwa na mzee wa matetemeko na mabwawa. Vyote viwili vilimwingia.

Mfano wa mapema ni wa mwaka 1942. Ukijenga ghorofa, uzito wake unashuka kwenye udongo na kusambaa. Mhandisi anataka kujua, pale chini mita 10, udongo unabeba kiasi gani. Newmark alitoa chati: duara ndani ya duara, zimekatwa na mistari kama gurudumu la baiskeli, zikatokea vyumba vingi, vidogo katikati na vikubwa pembeni, lakini kila chumba kina mchango uleule. Unachora ramani ya msingi wako kwa kipimo kinachofuata kina unachokitaka, unailaza juu ya chati, unahesabu vyumba vilivyofunikwa. Kwenye chati ya vyumba 200, kila chumba ni 0.005. Umefunika vyumba 80? Mara 0.005 ni 0.4, yaani udongo wa pale chini unabeba asilimia 40 ya shinikizo la juu. Kwisha. Hakuna kompyuta, hakuna umeme. Wanafunzi wa uhandisi wa udongo wanaifundishwa mpaka leo. Na ukiitazama vizuri utaona ni wazo lilelile la elementi: kata kitu kikubwa kuwa vipande, kila kipande kikupe kidogo, jumlisha.

Halafu ikaja vita. Wakati wa Vita ya Pili ya Dunia alikuwa mshauri wa kamati za utafiti za serikali ya Marekani, na mwaka 1948 alipewa cheti cha heshima cha rais kwa kazi hiyo. Baada ya vita hakuachana na jeshi. Swali lilikuwa jengo litafanya nini likipigwa na wimbi la bomu la nyuklia, na namna ya kujenga mahandaki ya makombora yasibomoke. Sitaki kulipamba hili. Sehemu kubwa ya hesabu tunazotumia leo kuokoa nyumba zililipiwa na watu waliokuwa wanajiandaa kuchomana. Wengine mtasema hesabu haina dhambi. Mimi nasema ni vizuri kujua pesa ilitoka wapi, halafu kila mtu aamue mwenyewe. Kihandisi lakini ilikuwa na faida moja: bomu na tetemeko ni ndugu. Vyote viwili huja kwa nguvu inayobadilika kila sehemu ya sekunde, na vyote viwili hulisukuma jengo kupita pale ambapo chuma kinaweza kurudi kama mpira. Hesabu za zamani za nguvu moja tulivu hazikutosha.

Mapema miaka ya 1950 akaitwa Mexico. Wakati huo ndugu wawili, Leonardo na Adolfo Zeevaert, walikuwa kwenye kazi ya kujenga mnara wa ghorofa 44 katikati ya jiji la Mexico, Torre Latinoamericana. Wazimu, wengi wangesema. Jiji lile limekaa juu ya ziwa la zamani lililokauka. Chini ni udongo laini wa mfinyanzi, umejaa maji, kama uji mzito. Majengo yanazama yenyewe hata bila tetemeko. Leonardo Zeevaert alikuwa mtu wa udongo: mnara ukawekwa juu ya nguzo za msingi 361, zilizoshushwa hadi kwenye tabaka gumu zaidi mita 33 hivi chini, na sehemu ya chini ya jengo ikafanywa kama boti linaloelea. Newmark akaingia kwa upande wa tetemeko. Badala ya kulifanya jengo gumu kama jiwe, fremu ya chuma ilipangwa ili iyumbe, ikijulikana kila ghorofa itasogea kiasi gani ikilinganishwa na iliyo chini yake.

Mnara ulifunguliwa 1956. Tarehe 28 Julai 1957 tetemeko likapiga jiji, malaika wa dhahabu aliye juu ya ule mnara maarufu wa Uhuru akaanguka chini, lakini Torre Latinoamericana ikabaki nzima. Wapimaji walikuwa wamefunga vifaa ndani yake, hivyo mwendo halisi wa jengo ukaweza kulinganishwa na ule uliokokotolewa. Kisha tarehe 19 Septemba 1985, Newmark akiwa kaburini miaka minne, likaja tetemeko la ukubwa wa 8.0. Watu walikufa kwa maelfu. Mnara ukabaki tena. Ila tusidanganyane, sehemu ya hilo ilikuwa bahati ya kipindi: udongo wa ziwa uliyumba kwa mpigo wa karibu sekunde 2, na waliopata taabu zaidi walikuwa majengo ya ghorofa 6 hadi 15, ambayo mpigo wake ulikaribiana na huo. Mnara mrefu una mpigo wake wa polepole zaidi. Hilo ni somo la kwanza kwa anayetaka kuiga tetemeko: jengo peke yake bila udongo wake ni nusu ya habari.

Sasa kompyuta. Kuanzia 1947 hadi 1957 Newmark aliongoza maabara ya kompyuta ya Illinois. Mwaka 1952 pakawashwa mashine yao, ILLIAC. Valvu 2,800, uzito kama tani 5. Kumbukumbu yake ya ndani: maneno 1,024 ya biti 40. Pigeni hesabu, ni kama kilobaiti 5. Picha moja ya harusi uliyomtumia shangazi haiingii humo hata kona. Na watu walikokotoa majengo kwa mashine hiyo. Ndiyo maana nashindwa kumwelewa kijana anayeniambia hawezi kujifunza kwa sababu kompyuta ya kafe ni nzee.

Katika mazingira hayo ndipo ilipozaliwa makala ya mwaka 1959, iliyotolewa katika jarida la chama cha wahandisi wa ujenzi wa Marekani. Hiyo ndiyo iliyoweka jina lake kwenye faili lako. Hebu tuielewe polepole.

Tetemeko kwenye kompyuta ni kama video. Haliendi kwa mfululizo, linakwenda picha kwa picha. Rekodi nyingi za tetemeko zina picha 50 au 100 au 200 kwa sekunde. Katika picha ya sasa unajua jengo liko wapi, lina kasi gani, na mchapuko gani, yaani kasi inabadilika kiasi gani. Unataka kujua litakuwa wapi kwenye picha ijayo. Katikati ya picha mbili hakuna anayejua kilichotokea. Lazima ukisie. Newmark alichukua kisio hilo na kuliweka wazi mezani, kwenye namba mbili zenye majina ya Kigiriki, gama na beta. Gama inasema, unapotafuta kasi mpya, mchapuko wa mwisho uhesabiwe kwa uzito gani dhidi ya ule wa mwanzo. Beta inasema hivyo hivyo kwa umbali uliosogea. Ukiweka gama 0.5 na beta 0.25, umesema katikati ya picha mbili mchapuko ni wastani wa mwanzo na mwisho. Ukiweka beta moja ya sita, umesema mchapuko ulipanda au kushuka kwa mstari ulionyooka. Ukiweka sifuri, umerudi kwenye njia nyingine iliyojulikana kabla yake. Yaani familia nzima ya njia aliiweka kwenye mlinganyo mmoja wenye kitasa cha kuzungusha.

Kwa nini 0.25 ndiyo inayopendwa? Kwa sababu kwa jengo la kawaida lisilovunjika, namba hiyo hailipui hesabu hata ukirefusha hatua kiasi gani. Beta ya moja ya sita inalipuka hatua ikizidi takriban 0.55 ya mpigo mfupi kabisa uliomo kwenye modeli yako. Na modeli ya elementi nyingi ina mipigo mifupi sana iliyojificha, kipande kimoja kidogo cha chuma kinatosha kukuharibia usiku.

Lakini kutolipuka siyo kuwa sahihi, na hapa ndipo wengi wanapotekwa na rangi nzuri za skrini. Fanyeni jaribio hili, linahitaji hata jedwali la kawaida la hesabu tu. Chukua nguzo moja yenye kilo 1,000 juu yake na ugumu wa niutoni 39,500 kwa mita. Mpigo wake wa kweli ni sekunde 1. Ivute pembeni, iachie, ikokotoe kwa Newmark 0.5 na 0.25 kwa hatua za sekunde 0.1. Utapata nguzo inayoyumba vizuri, haifi, hailipuki, lakini mpigo wake ni sekunde 1.03. Baada ya mizunguko 10 imechelewa karibu theluthi ya mzunguko. Tumia hatua ya 0.02, kosa linashuka hadi kama moja kwa elfu. Kwa hiyo kompyuta haikukosea popote. Ilitii kisio ulilolipa.

Jaribio la pili nililifanya makusudi kabisa na nawashauri mlifanye. Kwenye OpenSees, programu ya bure iliyoanzia chuo kikuu cha California, Berkeley, gama huandikwa kwanza, beta baadaye. Zigeuze: weka 0.25 kwanza, 0.5 baadaye. Programu haitalalamika hata kidogo. Ile nguzo yetu, kwa hatua ya 0.02, itaanza kuongeza myumbo wake kwa kama asilimia 10 kila mzunguko, peke yake, bila tetemeko, bila upepo, bila mkono wa mtu. Nguvu inatoka wapi? Haitoki popote, imetoka kwenye namba iliyokaa mahali pasipo pake. Gama chini ya nusu inapandisha mtikisiko, juu ya nusu inauzima. Sasa fikiria kosa hilo limo ndani ya ghorofa la elementi 20,000, na msimamizi wako anataka ripoti Ijumaa.

Kuhusu OpenSees yenyewe, kwa wasioijua: haina madirisha ya kupendeza. Ni dirisha jeusi na maandishi, na siku hizi unaweza kuiendesha kwa lugha ya Python. Vijana wanaikimbia kwa hilo, wanatafuta programu za kulipia zilizovunjwa kufuli, wanapata na virusi juu yake. Mimi napendelea dirisha jeusi, maana linakulazimisha kuandika kila kitu kwa jina lake. Hizo za kulipia nazo zina huyu huyu mzee ndani, au mtoto wake: mwaka 1977 Hilber, Hughes na Taylor waliiongezea njia ya Newmark namba moja zaidi ili izime kelele za mipigo mifupi bila kuharibu mirefu. Ukikuta herufi HHT, huyo ni mjukuu.

Na wa upande wa udongo, ongezeni jambo hili. Kipande cha udongo kikiwa kikubwa mno, wimbi la tetemeko halipiti, linachujwa. Udongo laini ambamo wimbi linakwenda mita 150 kwa sekunde, ukitaka kuona mitikisiko 10 kwa sekunde, urefu wa wimbi ni mita 15, na elementi isizidi kama sehemu ya nane au ya kumi ya hapo, yaani mita moja na nusu hivi. Nimeona modeli za bwawa zenye elementi za mita 10 na rangi za upinde wa mvua. Nzuri kwa kalenda.

Mwaka 1965 Newmark alialikwa London kutoa mhadhara wa Rankine, ambao kwa watu wa udongo ni heshima kubwa. Alizungumzia mabwawa ya udongo na matuta wakati wa tetemeko, na kwangu hii ndiyo kazi yake nzuri kuliko zote, hata kuliko ile ya 1959.

Kabla ya hapo wahandisi walikuwa na swali moja: nguvu inayoshikilia mteremko ikigawanywa na ile inayousukuma, jibu linazidi moja? Likizidi, salama. Likishuka chini ya moja, umekwisha. Newmark akatazama upya. Chukua kreti ya soda nyuma ya pikapu. Dereva akikanyaga breki kidogo, kreti imetulia, msuguano unaishika. Akikanyaga kwa nguvu kupita kiasi fulani, kreti inateleza mbele, vidole vitatu, gari likitulia nayo inasimama. Je, soda zimemwagika? Hapana. Imesogea tu. Tetemeko ni dereva anayekanyaga breki mara arobaini kwa dakika moja, mbele na nyuma. Kuna nyakati, kila moja sehemu ndogo ya sekunde, ambapo jibu linashuka chini ya moja. Bwawa halianguki kwa sababu hiyo peke yake. Linateleza kidogo na kusimama. Jumlisha miteremko yote midogo, upate sentimita. Sentimita 5? Pengine ukarabati mdogo. Mita 2 kwenye bwawa lenye maji juu ya kijiji? Hamisha watu.

Swali likageuka. Watu wakaacha kuuliza tu kama kitu kitashindwa, wakauliza kitasogea kiasi gani, na je, tunaweza kuishi na kiasi hicho. Ukilifikiria, ndilo swali lilelile la mnara wa Mexico. Na hesabu yake inaingia kwenye jedwali la kafe: rekodi ya tetemeko safu moja, kiwango cha kuteleza safu ya pili, jumlisha mara mbili.

Ina mpaka wake, na mpaka huo ulionekana akiwa hai. Tarehe 9 Februari 1971, kule California, bwawa la chini la San Fernando lilitikiswa, mchanga ndani yake ukageuka kama majimaji, sehemu ya juu ya tuta ikatelezea ziwani. Lilibaki tuta jembamba tu kati ya maji na watu, na wakazi wapatao 80,000 wakahamishwa haraka. Kreti ya soda hudhani sakafu ya gari inabaki na msuguano uleule. Udongo ule ulipoteza nguvu zake katikati ya tetemeko. Kwa hali hiyo hesabu ya kreti haifai, na ndipo elementi zenye udongo na maji pamoja zinapokuwa na kazi ya kweli. Anayewaambia njia moja inatosha kila mahali anawauzia kitu.

Mambo mengine nayapitia haraka. Aliandika na Emilio Rosenblueth wa Mexico, aliyekuwa amepata udaktari wake pale pale Illinois, kitabu kikubwa cha misingi ya uhandisi wa tetemeko, kikatoka 1971. Na William Hall alitengeneza namna ya kuchora kwa haraka nguvu za tetemeko za kusanifia, na kazi ya aina hiyo ikaingia kwenye kanuni za vinu vya nyuklia vya Marekani. Mwaka 1968 alipewa nishani ya taifa ya sayansi. Orodha ya tuzo ni ndefu, mwenye muda ataitafuta.

Ninalotaka kulimalizia ni bomba. Katika miaka ya 1970 Marekani ilijenga bomba la mafuta kukatisha Alaska, karibu kilomita 1,290, na Newmark alikuwa mmoja wa washauri wa upande wa tetemeko. Njia ya bomba inakata ufa wa ardhi wa Denali. Huwezi kulizuia ufa kusogea, na bomba la kipenyo cha mita 1.2 huwezi kulifanya gumu kuliko milima miwili inayopishana. Kwa hiyo pale kwenye ufa bomba halikufukiwa. Liliwekwa juu ya mihimili mirefu iliyolala chini kama mataruma ya reli, likavalishwa viatu vinavyoteleza, na likapindwa kwa zigizaga ili liwe na urefu wa ziada. Lilipangwa kuvumilia ardhi kusogea mita 6 kwa upande na mita 1.5 juu au chini. Kreti ya soda ileile, ila safari hii inaachwa iteleze kwa makubaliano.

Mafuta yalianza kupita mwaka 1977. Newmark alifariki Urbana tarehe 25 Januari 1981, akiwa na miaka 70, na ufa ulikuwa bado kimya. Ulikaa kimya miaka mingine 21. Tarehe 3 Novemba 2002 ukaamka, tetemeko la ukubwa wa 7.9. Pale bomba linapokatisha, upande mmoja wa ardhi ulisogea zaidi ya mita 4 ukilinganisha na mwingine, wakati ndani yake mapipa karibu milioni moja yalikuwa yanapita kila siku. Baadhi ya vishikio viliharibika, viatu vikateleza juu ya mihimili yake, bomba likazimwa siku chache likakaguliwa, kisha likawashwa. Hakuna tone la mafuta lililomwagika.

Faili la ile nguzo ya kilo 1,000, la jedwali na la OpenSees, nimelipandisha. Ni dogo, hata kwa mtandao wa kafe halifiki dakika. Anayepata mpigo tofauti na 1.03 aweke namba zake hapo chini tuziangalie.